Nilivyoficha Mkono wa Mashine ya Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani hunishika popote inaponikuta. Juzi nilikuwa kwa fundi hapa mtaani, nimepeleka sare za wanangu zipunguzwe, naye akainamisha cherehani yake na kudondoshea matone mawili matatu kwenye vyuma vya chini. Nikaacha kusikia alichokuwa akiniambia kuhusu pindo. Wengine harufu ile huwakumbusha nguo mpya za sikukuu. Mimi hunikumbusha samaki. Na ninyi mnaoijua Newala mtacheka, kwa sababu Newala niliyokulia mimi ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji.

Tuliishi juu ya uwanda, kwenye mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote na kubaki mkavu kama haijanyesha kabisa. Maji tuliyakinga kwenye bati wakati wa masika na kuyatunza katika kisima cha saruji chenye mfuniko na kufuli. Kufuli, naam. Yakiisha, tulinunua kwa ndoo. Maji ya kuogea mtoto yalifulia nguo, na yaliyofulia nguo yalimwagiwa mpapai. Katika nyumba ya namna hiyo, nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi wangu, palisimama fimbo ya kuvulia samaki.

Ilikuwa ya Baba. Baba yangu alizaliwa Ukerewe, kisiwani, mahali ambapo, kwa maelezo yake, ukitupa jiwe upande wowote linaangukia ziwani. Alisomea kilimo, serikali ikamleta kusini kushughulikia mikorosho. Alifika kijana, na begi moja na fimbo ile, akamwoa Mama, mzaliwa wa Mnyambe, nami nikazaliwa wa kwanza, na baadaye mdogo wangu. Watu walimwita Bwana Shamba, au Baba Tekla. Lakini vijana wa mtaani kwetu walikuwa na jina lao. Walimwita Mvuvi.

Fimbo yenyewe ilikuwa vipande viwili vya kuunganisha, vyeusi, vyepesi, na pete ndogo za kupitishia mshipi zimepangwa kuanzia nene hadi nyembamba. Chini yake kilifungwa kigurudumu cha kukunjia mshipi, chenye mkono wa kuzungushia. Nyumbani tulikiita mashine. Kaka yake Baba alikuwa akifanya kazi Mwanza, na ndiye aliyempa alipoagwa. Vitu vingine vilikaa ndani ya sanduku la mbao: ndoano zilizochomekwa kwenye kipande cha godoro kwa kufuata ukubwa, vyuma vya risasi vya kuzamishia, maboya aliyokata kwenye ndala kuukuu, koleo, mswaki wa zamani, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kulikuwa pia na samaki wa bandia aliyemtengeneza mwenyewe kwa kukata mpini wa kijiko, akautoboa na kuung'arisha kwa majivu, eti sangara wakiuona unavyometameta majini hawawezi kujizuia. Kijiko kilikuwa cha Mama. Mama hakukisahau.

Kila Jumamosi mchana, akishaegesha pikipiki yake ya kazini, Baba alitandika mkeka barazani na kutoa vitu vyote kimoja kimoja. Mimi nilikaa pembeni yake kumpa alichotaka, kama nesi anavyompa daktari. Alinifundisha kuijaribu ndoano kwenye ukucha: ukiivuta taratibu ikakwama, ni kali, ikiteleza, ni butu, inahitaji kunolewa. Alinifundisha kupitisha kipande cha sufi ndani ya kila pete ya fimbo, kwa sababu pete yenye ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, itashika unyuzi mmoja wa sufi, na ufa huo huo ndio utakaoukata mshipi siku samaki mkubwa akivuta. Fundo aliliramba kwanza kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu huungua yenyewe kwa yenyewe, alisema, na mimi nikairamba hadi leo najua ladha yake. Breki ya mashine ililegezwa kila baada ya kazi. "Kausha kwanza, paka mafuta baadaye," alikuwa akisema, ingawa hapakuwa na cha kukausha. Mashine ile haikuwa imelowa kwa miaka.

Jua likipungua makali, alitoka uani kufanya mazoezi ya kurusha. Aliweka karai tupu mbali, karibu na choo, akafunga kichuma kidogo mwishoni mwa mshipi badala ya ndoano, akairudisha fimbo nyuma ya bega na kuiachia. Mshipi ulitoka ukiimba, kichuma kikapaa juu ya mchanga mwekundu na kutua karaini, ngaa. Majirani walisimama kwenye ua wa makuti kutazama.

"Umepata nini leo, Baba Tekla?"

"Vumbi," alijibu bila kugeuka. "Lakini vumbi kubwa."

Mimi niliona fahari. Mama yeye aliendelea na kazi zake. Sikumbuki hata siku moja alisimama kutazama.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia nilikuwa darasa la tatu. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, mji mzima ukinuka mabibo. Baba akaanza kubadilika. Mkeka wa Jumamosi ukatandikwa Jumanne, kisha Alhamisi. Aliufungua mshipi wote kutoka kwenye mashine, akaupitisha kati ya vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila alipohisi mkwaruzo alitikisa kichwa. Mwishowe akaukata vipande na kuuchoma. "Huu umezeeka," aliniambia. "Ukiutazama ni mzima. Ukiutegemea, utakuacha."

Wiki iliyofuata alinichukua tukapanda basi hadi Masasi. Tulizunguka maduka ya vifaa karibu na stendi, yale yanayouza misumari, kufuli na mabomba, hadi tukampata mzee mmoja aliyekuwa na ndoano kwenye kopo la maziwa.

"Ndoano Masasi, mzee mwenzangu?" aliuliza akicheka, akionyesha kwa kidevu yale majabali yaliyouzunguka mji. "Unakwenda kuvua mawe?"

Baba hakukasirika. Alimwaga kopo zima juu ya gazeti, akaanza kuchagua. Aliangalia tundu la kupitishia mshipi kama limefungwa vizuri, akaibana ndoano kwa koleo kuona kama itanyooka, akaijaribu kwenye ukucha, kisha akanipa mimi niijaribu kwenye wangu. Tulichagua kumi na mbili kati ya mamia, na mshipi mpya wa kijani uliozungushiwa kipande cha mbao. Muuza duka alituacha tu. Nadhani hajawahi kuona mtoto wa kike akikataa ndoano.

Nilirudi Newala na furaha yangu yote. Ilidumu hadi siku iliyofuata.

Jirani yetu, Mama Salima, alikuja kumsaidia Mama kupepeta. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikimenya ming'oko, vile viazi vya porini, hawakuniona.

"Mama Tekla, na wewe umekaa tu," Mama Salima alisema. "Mwanamume wa ziwani anachoma mshipi wa zamani, ananunua mpya, anaufuata mpaka Masasi. Anavulia wapi hapa? Huyo anakwenda kwao."

"Aende," Mama alisema. "Kwani nimemfunga kamba?"

Lakini ungo wake ulinyamaza. Nilisubiri uanze tena kupepeta, nikasubiri, haukuanza.

Mchana huo, wazazi wote wawili wakiwa nje, nililifungua sanduku la Baba. Chini ya kipande cha godoro chenye ndoano nilikuta bahasha ya kaki yenye mhuri. Nilivuta karatasi nusu. Kusoma kwangu wakati ule kulikuwa kwa kukokota, silabi moja moja, na herufi kubwa ndizo nilizoziweza. Nikaona YAH, kisha maneno mawili ambayo macho yangu yaliyaruka, kisha neno refu: U-HA-MI-SHO. Nikamsikia Mama mlangoni, nikairudisha.

Uhamisho nililijua. Mwalimu wetu wa Hisabati aliondoka kwa uhamisho. Mganga wa zahanati aliondoka kwa uhamisho. Waliopata uhamisho walipakia godoro juu ya basi, wakapunga mkono, na hapakuwa na yeyote kati yao niliyewahi kumwona tena.

Naomba mnielewe jinsi akili ya mtoto wa miaka tisa ilivyopiga hesabu zake. Baba anakwenda ziwani kwa sababu fimbo iko tayari. Fimbo isipokuwa tayari, haendi. Kuivunja sikuweza, ningeanza kulia kabla sijaigusa. Lakini mkono wa mashine ulifungwa kwa nati moja tu, na nati ile nilikuwa nimeifungua na kuifunga kila Jumamosi. Niliifungua. Nikafumua mshono wa mto wangu kwa meno, nikauzamisha mkono ule katikati ya sufi, nikashona kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe sikuupata. Nililala juu yake. Ulinichoma sikio, nikaona sawa.

Baba aligundua Jumamosi. Alipanga vitu vyote juu ya mkeka kama kawaida, mashine ikawa ya mwisho, na alipoigeuza mkono wake ukakamata hewa. Hakupiga kelele. Alitoa kila kitu sandukuni, akapiga magoti akapapasa uvunguni, akafagia baraza yeye mwenyewe na kupekua takataka.

"Tekla, umeuona mkono wa mashine?"

"Hapana, Baba."

Sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo. Aliniamini mara moja, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi ya chochote.

Akatulia, akafikiri. Kisha akasema, taratibu, "Lukasi alikuwa hapa Alhamisi."

Mjomba Lukasi alikuwa kaka yake Mama, mkubwa wao, mkulima wa korosho Mnyambe. Kwa ndugu wa Mama, mjomba si mgeni wa kunywa chai na kuondoka. Jambo la mtoto, la ndoa, la msiba, haliamuliwi asipokuwepo. Alikuwa na moyo mpana na tabia moja mbaya: akihitaji kitu alikichukua, akakirudisha akikumbuka. Pampu yetu ya baiskeli ilikaa kwake tangu Pasaka. Alhamisi ile alikuwa ameizungusha mashine ya Baba na kusema, kwa utani, kwamba mkono huu ungemfaa kwenye kinu chake cha kusagia karanga.

"Usiende ukamwuliza vibaya," Mama alimwambia.

"Nitamwuliza tu."

Akanipakia kwenye pikipiki. Sijui kwa nini alinichukua. Labda alidhani mbele ya mtoto maneno yatakuwa laini. Njia nzima hadi Mnyambe nilimshika kiunoni, uso nimeuficha mgongoni mwake, nikisema moyoni, nitamwambia tukifika kwenye kile kibao, nitamwambia tukifika kwenye ule mkorosho. Vibao na mikorosho vikapita.

Mjomba alikuwa shambani na vibarua sita, wakiokota. Alinyoosha mgongo alipotuona, akacheka kwa furaha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kunipa bibo jekundu. Baba akauliza. Na hata mimi mtoto nilisikia kwamba hakuuliza alivyokusudia. Alisema, "Shemeji, ule mkono naomba unirudishie, nina kazi nao." Kana kwamba amekwisha kuuona mikononi mwake.

Mikono ya vibarua ikasimama. Mjomba akatazama chini, akaweka kikapu.

"Shemeji," alisema, "umenifuata mpaka shambani, mbele ya watu ninaowalipa, kuniambia mimi mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Umesema nirudishe. Anayerudisha ni nani?" Alikuwa anaongea polepole. "Tumesikia habari zako. Tumesikia una barua. Mtu mzima, hukuja kutuambia. Sasa sikiliza. Ukitaka kwenda kwenu, nenda. Lakini watoto hawa ni wa kwetu. Utaondoka na fimbo yako tu."

Aliwasha pikipiki mara tatu ndipo ikawaka. Bibo lilikuwa bado mkononi mwangu, maji yake yakinitiririka hadi kwenye kiwiko, na sikuthubutu hata kulitupa.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kimya kama darasa wakati wa mtihani. Baba alikula, akashukuru, akatoka. Mama alimwita "Baba Tekla" kwa sauti ya mtu anayeita jina kwenye orodha. Mama Salima hakuja. Mimi nilikuwa na siri iliyonizidi kimo: nikisema, nitapigwa, na mkono utarudi, na Baba ataondoka, nisiposema, Mjomba ni mwizi. Nilitapika Jumatano, wakadhani ni malaria, nikanyweshwa dawa chungu na nikainywa bila kulalamika, nikiona ni haki yangu.

Jumapili baada ya kanisa tulisikia hodi. Alikuwa Mjomba Lukasi, na baiskeli yake, amevaa shati la kanisani, shingo imelowa jasho. Pampu yetu ilikuwa imefungwa kwenye kiti cha nyuma.

Mama alisimama na kukaa tena. "Karibu, kaka."

Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa mkekani, mbele ya Baba.

"Shemeji, mimi sikuchukua kitu chako. Hilo tulimalize kwanza."

"Nimekusikia," Baba alisema.

"Lakini nimefikiri. Mtu ametunza kitu miaka yote hii, anakipaka mafuta kama mtoto, halafu kiungo kimoja kinapotea. Akili lazima imruke. Hata mimi ningemkosea mtu." Akatoa mfukoni kifurushi cha gazeti, akakifungua. "Nimekwenda kwa fundi baiskeli pale kwetu. Nilimchorea kwa mkaa, kwa kukumbuka. Ametumia chuma cha pedali. Sijui kama utaingia."

Ulikuwa mkono wa mashine. Mnene, mzito, umekunjwa kwa nyundo, na mwishoni umechomekwa kishikio cha mti wa mkorosho kilichosuguliwa hadi kikalainika. Baba aliupokea kwa mikono miwili. Akaujaribu kwenye tundu. Haukuingia.

"Mnene kidogo," alisema, bila kuuweka chini.

"Nilijua. Nimekuja na tupa."

Mjomba akaushika mkono ule kati ya nyayo zake na kuanza kuupunguza. Kwaruu, kwaruu. Unga mweusi wa chuma ukaanguka mkekani. Akajaribu, haukuingia, akaendelea. Jasho lilimdondoka puani. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya vibarua wake, ametoka Mnyambe kwa baiskeli juani, anasugua chuma ili aliyemwita mwizi aweze kuvua samaki. Nilihesabu tupa ile mara kumi na moja. Ya kumi na mbili sikuiweza.

Nilikimbia chumbani, nikauma uzi mweusi, nikaingiza mkono. Niliporudi barazani nilikuwa na sufi kwenye nywele, mdomoni, kwenye kope. Niliuweka mkono wa mashine katikati yao na kurudi nyuma hadi ukutani.

Tupa ikanyamaza.

"Tekla!" Mama alisema.

Baba hakuunyanyua. Alinitazama mimi. "Kwa nini?"

"Ili usiende."

"Niende wapi?"

"Kwenu. Ziwani." Kilio kilikuwa kimeshanishika, maneno yakatoka vipande vipande. "Bila mkono huwezi kuvua. Usipoweza kuvua, huwezi kwenda."

Nilifumba macho kusubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Baba alikuwa anamtazama Mama, na Mama alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Kisha Baba, ambaye sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti, aliinuka kutoka alipokaa, akapiga magoti mbele ya shemeji yake.

"Nimekukosea, Shemeji. Nimekukosea mbele ya watu, na nitakuja kukuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Inuka, bwana. Inuka, utachafua suruali kwa chuma." Mjomba alimshika bega, akanigeukia. "Na wewe njoo."

Nilikwenda nikapiga magoti kwa zamu yangu. Alinitoa sufi kwenye kope kwa kidole chake kilichojaa mafuta na unga wa chuma.

"Umeniponza, mwanangu," alisema. "Wiki nzima sijalala. Lakini sijawahi kuponzwa kwa sababu nzuri namna hii." Ndipo akaanza kucheka, kicheko chake kile cha tumbo, Baba akafuata, na Mama akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Siku zile niliamini kwamba naye anacheka.

Nyie, sijui kama mmewahi kubeba kitu kizito kichwani safari ndefu, halafu mtu akakutua. Shingo hurefuka yenyewe. Nilihisi ninaelea. Adhabu yangu ilikuwa kuusafisha mkono ule, unyuzi kwa unyuzi, kwa mswaki wa zamani, kwa sababu sufi ikiingia ndani ya mashine humaliza meno yake. Nilisafisha hadi jua likazama. Sijawahi kufanya kazi nikiwa na furaha kama siku ile.

"Nilikuwa najiandaa kwenda Ruvuma," Baba alisema wakati wa chakula. "Hapo chini tu. Na nilitaka kumwomba Lukasi anisindikize."

Hapo chini tu! Kutoka ukingoni mwa mji tuliuona mto ule kila siku, uzi mweupe mbali bondeni, na Msumbiji ng'ambo yake. Haikuwahi kunijia akilini kwamba uzi ule ulikuwa na samaki.

Tulikwenda Jumamosi, sote, Mama na mdogo wangu mgongoni, kwenye gari dogo la mfanyabiashara aliyekuwa akishuka vijiji vya bondeni. Tulishuka ukingo kwa kona zilizonifanya nifumbe macho, na kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Mto ulikuwa umepungua, mchanga mweupe mpana, maji yamebaki kwenye vilindi. Wavuvi wa pale walituonyesha jabali la kusimama, juu, mbali na maji, kwa ajili ya mamba. Mjomba alisimama na panga mkononi kama askari wa benki.

Baba alichagua ndoano ya wastani kutoka zile kumi na mbili. Akaweka chambo, akairudisha fimbo nyuma ya bega. Nilikuwa nimemwona akirusha mara mia. Lakini safari hii mshipi wa kijani ulikwenda ukaenda, ukashika jua, na badala ya ngaa ya karai ikasikika chubwi ndogo, na duara zikatanuka majini. Nikasikia Mama akivuta pumzi. Alikuwa amesimama, anatazama.

Samaki alishika baada ya muda mrefu. Fimbo ikapinda, breki ikalia, mshipi ukatoka kwenye mashine kwa kasi. Baba akasema, "Mama Tekla, shika."

"Mimi?"

"Shika. Usimvute akikimbia. Akichoka, zungusha."

Mama akanipa mdogo wangu, akajifunga khanga vizuri, akashika. Alipiga kelele, akacheka, akamwita mama yake marehemu, akazungusha mkono ule kwa nguvu kama anayesaga karanga, Mjomba akimshangilia kwa Kimakonde. Baba alisimama nyuma yake bila kugusa chochote. Kambale alipotokea, mweusi, masharubu yakipepea, alikuwa na urefu wa mkono wangu. Tulipata watatu siku ile. Tulirudi uwandani tukinuka samaki hadi nywele, na nadhani majirani waliokuja kuona hawakuwahi kumwita Baba Mvuvi kwa utani tena.

Hivyo ndivyo nilivyokikumbuka kisa hiki kwa miaka mingi, na ndivyo kilivyosimuliwa kwenye harusi yangu: mtoto mjinga aliyeona barua ambayo kila mtu alisema haikuwa na lolote, akaogopa bure. Nilicheka pamoja nao.

Mwaka juzi nilikwenda kuwasalimu. Baba alishastaafu, ana mikorosho yake mwenyewe Makote, meno machache, macho mazuri. Mama ndiye aliyelitoa, tukichambua mboga, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Lakini barua ilikuwa ya kweli," alisema. "Aliiomba mwenyewe. Alikuwa ameomba kurudi kwao tangu hujaanza shule."

Nilikwenda kukaa na Baba barazani. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia katikati.

"Ulikuwa uondoke?"

Hakuuliza lini. "Jibu la kukubali nilikuwa nimeshaliandika. Lilikuwa mfukoni mwa shati Jumapili ile Lukasi alipokuja na tupa."

"Na sisi je?"

"Ningewaita mkimaliza mwaka wa shule." Akatikisa kichwa. "Ndivyo nilivyojiambia. Wengi hujiambia hivyo."

"Na Ruvuma?"

"Ruvuma nilitaka niwaage kwa heshima. Lukasi hasa. Halafu wewe ukalia pale ukutani. Nikasema, acha nisubiri. Nikafika mtoni nikamwona mama yako anacheka, na mimi nilidhani najua kicheko chake. Nikaichana barua pale pale."

Kwa hiyo sikuogopa bure. Watu wazima walionizunguka walikuwa wanajua, au wanahisi, kila mmoja kwa kona yake, na aliyekuwa na ruhusa ya kulisema alikuwa ni yule tu ambaye hakujua kwamba halisemwi. Na Mama chini ya khanga ile hakuwa anacheka.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, na hatari yenyewe ilikuwa imepita miaka ishirini na mitano nyuma yangu bila mimi kuiona. Nikamshika Baba mkono, nikavuta pumzi ndefu, kama ya mtoto anayeambiwa asubuhi kwamba homa ya mama yake imeshuka.